Bafle za Népomuscène

Prudence, zima hiyo radio. Loïc, vuta kiti ukae upande huu, sikio la kushoto limeshanitangulia. Kaeni karibu, wanangu, mnisikilize mpaka mwisho, na mtu asinikatize hata kwa kunihurumia, kwa sababu pumzi niliyo nayo nimeipima vizuri na naona inatosha kwa maneno haya tu. Saa nne basi dogo kutoka Ruziba litamshusha Mama Carmen hapo barabarani, naye atapanda kwa miguu mpaka hapa kama anavyofanya kila Alhamisi. Akifika nataka ninyi muwe mmeshajua. Miaka miwili nimekuwa nikitafuta siku ya kumwambia ukweli nikashindwa, na leo naanza na ninyi, maana ninyi ndio mtakaobaki na jina langu, na jina lenyewe, wanangu, si lile mnalolifahamu.

Vitu kwanza, ili visije vikawagombanisha. Nyumba hii ya Musaga ni yenu wawili sawa kwa sawa, karatasi zake ziko ndani ya Biblia ya marehemu mama yenu Scholastique. Baba zenu wadogo watavuka mpaka kutoka Bukavu kuja kwenye kilio, watakula, watalia, halafu watasema binti aliyekwisha kuolewa hana fungu. Waambieni baba yenu Murhula alikufa akili zake zikiwa kichwani. Loïc, vyombo vya kazi ni vyako vyote, mita, chuma cha kulehemu, na lile sanduku la lampu ambalo nimekukataza kuligusa tangu ulipokuwa mdogo. Radio za watu zilizo kwenye rafu zirudishwe kwa wenyewe hata kama hazijapona. Hayo ndiyo ya mali, na hayana uzito.

Uzito uko sebuleni. Zile bafle mbili za kutolea muziki mlizokua mkiziona pale pembeni, zenye mbao nyekundu na kitambaa cha dhahabu kilichofifia, si zangu, wala hazitakuwa zenu. Ni za Mwalimu Népomuscène, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mume wa Mama Carmen, aliyeuawa mbele ya mlango huu mwaka wa tisini na tano. Hilo la kuuawa mnalijua. Sikilizeni sasa msilolijua, lakini mniache nianze na raha, kwa sababu raha ilikuwepo, na mtu anayesimulia kifo tu anamwibia marehemu maisha yake.

Mwaka wa themanini na saba familia moja ya Wabelgiji ilikuwa inahama kutoka mtaa wa Kiriri, wakapanga vitu vyao barazani wauze. Népo alikwenda kutafuta meza ya kusahihishia madaftari, akarudi na bafle, amezifunga kwa kamba juu ya mkokoteni, anatembea kando yake mkono juu ya mbao utadhani anamsindikiza mgonjwa. Akaziunga kwenye ampli yake mpya ya Kijapani, ile mashine ya kukuza sauti yenye taa nyingi za kijani, na sauti ikatoka kavu, inachoma masikio. Akaja kwangu amenuna, akaniambia, "Papa Prudence, wazungu bameniuzia kuni."

Nikazifungua kwa nyuma. Nilichokiona, Loïc, nataka na wewe ukione kwa macho yangu: karatasi ya spika nyepesi kama ya barua, sumaku nzito ya kumpasua mtu mguu, na nyuma imeandikwa kwa mkono, ohm kumi na tano. Nikamwambia, Mwalimu, hizi zilitengenezwa kabla ya transista kutawala, zenyewe zina masikio makali, watt kumi zinazitosha na kuzisaza, lakini ziwe watt laini, za lampu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya ampli za zamani. Hiyo ampli yako ya Kijapani inataka kuzisukuma, na hizi hazisukumwi. Basi tukatafuta. Akapata kwenye misheni moja ya bara ampli ya lampu waliyokuwa wakionyeshea sinema, panya wamezaa ndani. Miezi mitatu, kila Jumapili baada ya misa, yeye anashika taa, mimi nabadilisha waya wa transfoma, napima, nafungua, nasuka upya, mpaka ampli na bafle zikakubaliana. Nyumba yake ilikuwa na kuta tupu za simenti, sauti inarudi rudi, hii yangu ina dari ya mbao na mapazia mazito ya mama yenu. Ndiyo maana vyote vikakaa hapa.

Jumapili ya kwanza tulipoweka diski, kabla mwimbaji hajaimba tulimsikia akivuta pumzi. Népo akanishika goti. Ernestine, huyo mnayemwita Mama Carmen, wakati huo bado bibi harusi, aliingia na sufuria ya maharage akasimama mlangoni akauliza, "Nani iko ndani anaimba?" Tulicheka mpaka maharage yakapoa. Miaka minane tulikaa hivyo kila Jumapili, watu wawili wazima wasio wa ukoo mmoja, tunasikiliza pumzi za watu. Sijawahi kuwa na ndugu wa kumzidi yule, na mniamini kwa hilo hata mkiacha kuniamini kwa mengine.

Nipe maji. Kidogo tu.

Sasa siku yenyewe. Mji ulikuwa umefungwa, zile siku za ville morte, barabara zina mawe na magurudumu yanayowaka. Mama yenu alikuwa amekwama mjini tangu jana yake. Mlikuwa wawili na mimi, Prudence una miaka kumi na minne, Loïc una minane. Watu wa kabila la Népo walikuwa wakitolewa Musaga nyumba moja baada ya nyingine, na yeye alikuwa amekataa kuondoka kwa sababu mtihani wa wanafunzi wake ulikuwa wiki ile. Nilimwambia aende. Naye akaniambia, nikibanwa nitagonga kwako, na mimi nikamjibu, gonga hata saa ngapi. Nilimjibu hivyo kwa mdomo wangu huu.

Akagonga. Ilikuwa saa tisa mchana, jua linawaka. Nilisikia kwanza kelele za vijana barabarani, kisha ngumi kwenye mlango, na sauti yake, "Papa Prudence, fungula! Ni mi, Népo! Banakuja!" Nikasimama. Kutoka pale niliposimama mpaka kwenye komeo ni hatua sita, nimezihesabu mara nyingi kuliko rozari. Kutoka pale mpaka kwenye platini, chombo cha kupigia diski, ni hatua mbili. Nikaenda kwenye platini.

Ampli ya lampu ilikuwa mezani imefunguliwa, inasubiri lampu moja kutoka Buyenzi. Bafle nilikuwa nimeziunga kwa muda kwenye kiampli kidogo cha baa fulani, cha watt tano za kubahatisha. Siku zote umeme wa ville morte ulikuwa ukikatika, siku ile haukukatika. Nikaweka diski ya ngoma. Akaita tena, nikapandisha sauti. Akaita mara ya tatu, sasa hakusema Papa Prudence, alisema Murhula, jina langu tupu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tujuane, na mimi nikazungusha kitufe mpaka mwisho wake, nikabaki nimekishika hapo, na mkono mwingine nikawaashiria ninyi muimbe.

Prudence, mwanangu, usiangalie chini. Uliniuliza, "Papa, nani anapiga mlango?" Nami nikakujibu kwamba ni ngoma iliyo kwenye diski, kwamba bafle nzuri hufanya hivyo, hutoa besi mpaka mlango unatikisika. Wewe ulikuwa umeshasikiliza zile bafle miaka minane, ulijua besi yao inatokea wapi. Uliniangalia, halafu ukaanza kuimba. Tangu siku ile hujawahi kuniuliza tena kitu chochote kuhusu siku ile, na mimi nilikuwa naona unavyokwepa. Leo nakutua mzigo huo. Hukukosea, masikio yako yalikuwa mazima, baba yako ndiye aliyekudanganya.

Na msiseme nilikuwa sina la kufanya. Mimi ni Mshi wa Bukavu, sikuwa wa huku wala wa kule, vijana wale walikuwa wakinipigia saluti, na aliyewaongoza nilimjua kwa sauti, radio ya mama yake ilikuwa juu ya rafu yangu. Ningetoka nikasema huyu ni wangu, muacheni. Wangenisikia? Sijui. Pengine wangeniua naye. Lakini mtu aliyejaribu akashindwa ana la kusema mbele ya Mungu, na mimi sina. Niliogopa, wanangu. Niliogopa vibaya sana, na woga wenyewe haukuwa wa kufa tu, nilikuwa naogopa kuendelea kusikia.

Muziki ulipiga karibu robo tatu ya saa. Nilipopata nguvu ya kuzima, moshi ulikuwa unatoka kwenye bafle zote mbili, harufu ya vanishi ya waya. Loïc, nilikufundisha kwamba ampli kubwa haiui bafle upesi, ampli ndogo iliyobanwa mpaka mwisho ndiyo inayoua, kwa sababu mawimbi ya sauti yanakatika vichwa na zile spika ndogo za juu zinapikwa. Nilikufundisha vizuri, na ulipouliza kwa nini hizi za Mwalimu hazina sauti nyembamba nikakwambia umeme uliruka. Haukuruka. Nilizichoma mimi, kwa mkono wangu, na miaka kumi nimekuwa na spika nyingine za kubadilisha ndani ya sanduku lile la lampu, na nimeshindwa kuzifunga.

Nilitoka jioni nikamfunika Népo kwa pazia la mama yenu. Ernestine sikumwona, nikaamini amekwisha naye pamoja na mtoto.

Kumbe alikuwa nyuma ya jiko letu. Huo ndio upande mwingine wa habari, ule mnaousimulia ninyi. Alikuwa amejibana kati ya ukuta na magunia ya makaa, mtoto wa miezi sita kifuani, na Carmen alilia muda wote ule, vijana wakapita mita tatu kutoka pale mara mbili, na kwa sababu ya muziki hawakusikia kitu. Giza lilipoingia akatoroka kuelekea Uvira, baadaye Tanzania, miaka minane ya kambi na mvua. Aliporudi, mlango wa kwanza kuubisha ulikuwa huu. Mnakumbuka, mlikuwepo. Alipiga magoti pale uani akasema, "Mulituficha na muziki, Papa Prudence. Mutoto alilia, hakuna mutu alimusikia. Mungu abalipe."

Wanangu, sikujua kama yuko pale. Nawaapia kwa kaburi la Scholastique. Sikujua. Nilipandisha sauti ili nisimsikie mume wake, na yeye anashukuru nimemwokoa mtoto wake. Pale ningesema. Mdomo ulikuwa wazi tayari, lakini mama yenu alikuwa analia kwa furaha, Loïc unaniangalia kwa jicho ambalo hujawahi kuniangalia nalo, na mimi nikasema maneno mawili, ni Mungu. Nikamwinua. Tangu hapo samaki kila Alhamisi, mukeke wa asubuhi, amemchagua mwenyewe. Akashuhudia kanisani. Akasimama kwenye levée de deuil ya mama yenu, siku ile tuliyovua msiba mbele ya watu wote, akaeleza habari ya muziki, na padri akafuta miwani. Watu walioteketezewa nyumba wakawa wananiamkia barabarani. Prudence, ulipotakiwa na Musafiri na ukoo wao ukasitasita, ni Ernestine huyu huyu, dada yake Musafiri, aliyesema, mutoto wa Murhula ni mutoto wetu, na mahari yakaletwa siku hiyo. Najua ninachokivunja. Nimekitazama kila upande, nimejiambia kwamba Carmen yu hai kweli, kwamba uongo huu unalisha watu, haumuumizi mtu. Lakini kila Alhamisi mwanamke anafunga safari kumshukuru aliyemwacha mume wake afe mlangoni, na samaki yule nimemla. Nimemla mpaka mifupa.

Kuna Abdu pia, wa Buyenzi, muuza vipuri. Mnadhani nimegombana naye kwa sababu aliniuzia lampu bandia. Abdu hajawahi kuuza kitu bandia. Alikuja mwezi ule ule alipouawa Népo kuleta lampu, akaiona spika iliyoungua, akaigeuza kwenye mwanga akaniambia taratibu, "Hii haikuungua kwa umeme, ndugu yangu. Hii imepigiwa ukomo, muda mrefu. Ulikuwa unamfunika nani?" Nilimfukuza kwa matusi, kisha nikamchafua kwa mafundi wote wa mji mpaka biashara yake ikadoda, kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyeweza kusoma kilichoandikwa pale. Loïc, utakwenda Buyenzi wewe mwenyewe, utavua viatu mlangoni kwake, utamwambia Murhula anakiri. Akikutukana, nyamaza. Halafu nenda kwa mafundi mmoja mmoja ukamsafishe.

Nimechoka. Ngojeni... Ngojeni kidogo.

Sasa agizo. Pumzi ikiniishia kabla Ernestine hajafika, mtamwambia ninyi, yote, hata lile la jina langu tupu, na mtamwambia kabla hamjanizika, si baada. Awe na nafasi ya kukataa kuja. Ikiwa siku ya kuvua msiba wangu atataka kusimama na kunisifu bila kujua, basi mmoja wenu asimame kabla yake aseme, hata kama padri yupo, hata kama baba zenu wadogo wataona haya. Wala msinitetee. Msiseme zilikuwa nyakati mbaya. Nyakati zilikuwa mbaya kwa Népo.

Bafle mzipeleke Ruziba. Mpeleke pamoja na ampli ya lampu, si nyingine yoyote, na Loïc umwonyeshe Carmen namna ya kuacha lampu zipate moto dakika tano kabla ya diski, na waya wa ohm kumi na tano ni ule mwekundu wa mwisho. Spika mpya usizifunge mpaka mama yake aseme. Akitaka zipone, zifunge. Akitaka zibaki zimeungua hivyo, ziache. Na akitaka kuni, Loïc, chukua shoka umpasulie, vipande vidogo, vya kuingia jikoni, wala usinung'unike kwa ajili ya mbao.

Prudence, kwa Musafiri utasema mwenyewe leo leo, usingoje aambiwe na dada yake. Kama atakurudisha, chumba chako kipo hapa. Nisamehe kwa hilo. Nisamehe nikiwa bado nasikia, au usinisamehe, lakini sema.

Haya. Sogeeni, wekeni vichwa hapa, mkono wangu haunyanyuki tena, uwekeni ninyi. Mungu awape masikio, wanangu. Awape miguu ya kufika mlangoni. Mtu akiwaita... akiwaita kwa jina, Mungu asiwape kitu chochote cha kupandisha. Mzae, watoto wenu wasiwaogope. Mlale usingizi. Mimi sikulala, ninyi mlale. Baraka ya mama yenu iwe juu yenu, maana yangu... yangu ni hii tu, sijui kama ina kitu ndani.

Ni geti hilo? Ndiyo. Hizo ni ndara zake.

Msiende kumpokea kwa furaha, mtamdanganya. Prudence, fungua tu. Loïc, usikae upande wangu... nenda kasimame kule, atakaposimama yeye. Ndiyo, hapo. Usinitazame hivyo, baba. Simama hapo.

Karibu, Mama Carmen. Karibu. Kaa... Apana, mkono usinipe kwanza.